Mlimani hakuna refa wa kuahirisha mechi

MVUA ikipiga kupita kiasi na uwanja ukajaa maji, refa hutoka na mpira mkononi, anauangusha hapa, anauangusha pale, anatazama kama unadunda. Usipodunda, mechi inaahirishwa. Mashabiki watazomea, waliotoka mbali watadai nauli zao, makocha watakunja sura, lakini hakuna mwenye akili atakayemwita refa huyo mwoga. Kanuni zimempa mamlaka hayo, na mechi itachezwa siku nyingine wachezaji wote wakiwa na miguu yao mizima.

Kuna mchezo ambao hauna mtu huyo. Nao ni kuteleza kwa skii au kwa ubao kwenye milima ya theluji, nje ya maeneo rasmi.

Kwenye milima ya Alps kule Ulaya na Rocky kule Marekani, maeneo rasmi yana ulinzi wa kutosha. Mteremko unasawazishwa kwa mashine, lifti zinapandisha watu, na alfajiri, kabla wateja hawajamaliza chai, wafanyakazi wanalipua baruti ili theluji inayotaka kuporomoka iporomoke mapema chini kukiwa hakuna mtu. Palipo na shaka panafungwa kamba. Sasa kuna watu ambao raha yao inaanzia upande wa pili wa kamba hiyo. Wanataka theluji mpya ambayo haijakanyagwa na mtu, mlima usio na foleni wala spika za muziki. Wanapanda kwa miguu yao saa mbili, saa tatu, ili washuke kwa dakika chache. Ni michezo kweli, tena ya watu wenye mapafu na mapaja. Lakini huko kote hakuna anayedundisha mpira kwa niaba yao.

Matokeo yake yanahesabika. Kwa wastani Marekani hupoteza watu kati ya 25 na 30 kila majira ya baridi kwa maporomoko ya theluji, na Ulaya hukaribia 100. Majira ya 2020 na 2021, wakati korona ilipopunguza nafasi kwenye maeneo rasmi na watu wengi wakakimbilia milima ya wazi, Marekani ilizika watu 37, miongoni mwa idadi kubwa kabisa tangu hesabu zianze kuwekwa vizuri miaka ya 1950. Februari 6, 2021, kwenye korongo la Millcreek huko Utah, poromoko moja liliwakumba watu wanane. Wanne hawakurudi nyumbani.

Mpenzi wa michezo wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza, theluji ya Utah inamhusu nini yeye anayesubiri matokeo ya ligi? Swali halali. Afrika Mashariki imegusa michezo ya theluji kwa vidole tu. Wengi wanamkumbuka Philip Boit wa Kenya, aliyemaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Baadaye alikuja Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akashuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018. Basi, orodha karibu inaishia hapo. Lakini swali linaloua watu kule, la nani atasema "turudi" na nini kitampata akisema, lipo pia kwenye mlima ambao kila Mtanzania anaujua kwa jina. Litafikiwa. Kwanza theluji yenyewe.

Asiyewahi kuishi nayo hudhani theluji ni kitu kimoja cheupe kilicholala mlimani. Kumbe ni tabaka juu ya tabaka, kama magunia yaliyopangwa ghalani kwa miezi, na kila dhoruba inaleta gunia lake. Shida inaanzia gunia la chini. Mwanzoni mwa majira, theluji ikiwa chache na hewa ya juu ikiwa kali sana, ardhi ya chini bado ina joto kidogo. Mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu na njiani unazigeuza chembe za theluji kuwa punje kubwa, kavu, zisizoshikana. Zinafanana na sukari. Ukiziminya mkononi haziwi donge, zinamwagika. Halafu dhoruba mpya inakuja, upepo unasomba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, na huko inakuwa ngumu, inashikana kama ubao.

Chukua meza ndefu, iinamishe, mwaga sukari juu yake, kisha laza kioo juu ya sukari. Kioo kitakaa. Kinaweza kukaa wiki nzima, hata mwezi. Atakayekuja kukigusa mahali pake pabaya ndiye atakayekishusha chote. Kwenye mlima, kioo hicho kinaweza kuwa kinene kuliko kimo cha mtu na kipana kuliko uwanja wa mpira, na anayekigusa ni mtelezaji mmoja wa kilo 75 na begi lake. Ndiyo maana takwimu moja ya mchezo huu inauma kuliko zote: katika ajali za vifo, takriban tisa kati ya kumi, poromoko huanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake wa kundi hilohilo. Mlima haukuwavizia. Walipiga hodi wenyewe.

Ubaya zaidi, mteremko hatari zaidi ndio mteremko mtamu zaidi. Maporomoko mengi ya aina hii hutokea kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji inakaa, juu sana ya hapo inamwagika kidogokidogo kila inapodondoka na haipati nafasi ya kurundikana. Sasa mwulize mtelezaji yeyote mzoefu anapenda mwinamo upi. Atataja huohuo.

Watu wa milimani hawakukaa tu wakiangalia. Uswisi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos imekuwa ikitoa taarifa za hatari tangu miaka ya 1940, na siku hizi majira ya baridi taarifa hutoka mara mbili kwa siku, saa 11 jioni na saa 2 asubuhi. Marekani kuna vituo kama hivyo, kile cha Colorado kikiwa miongoni mwa vinavyojulikana zaidi. Tangu 1993 Ulaya inatumia ngazi moja ya namba tano. Namba 1 hatari ni ndogo. Namba 5 ni balaa, siku ambazo poromoko linaweza kuingia hadi vijijini, kama lilivyoingia Galtür, Austria, Februari 1999 na kuua watu 31 kijijini hapo.

Kwa akili ya kawaida mtu angedhani vifo vingi hutokea siku za namba 5 au 4. Wapi! Kwa hesabu za Uswisi, karibu nusu ya vifo hutokea siku za namba 3, ambazo ni kama asilimia 30 ya siku za majira. Siku za namba 4 watu wanaogopa, wanabaki ndani wanakunywa kahawa. Namba 5 haihitaji maelezo. Namba 3 ndiyo yenye ulaghai, kwa sababu ipo katikati, na katikati huonekana pana nafuu.

Mtanzania akisikia daraja la tatu anafikiria matokeo ya kidato cha nne: si haba, umepita, sherehe ndogo inaruhusiwa. Hapa tafsiri yake ni nyingine kabisa. Namba 3 maana yake mtu mmoja peke yake, akipita mahali pasipofaa, anaweza kuushusha mlima. Tena hatari haipandi kwa hatua zinazolingana kama ngazi za nyumba. Kutoka 2 kwenda 3 ni kuruka, na kutoka 3 kwenda 4 ni kuruka zaidi. Kuna hoja nzuri ya kuwalaumu waliobuni ngazi yenye namba ya katikati, maana binadamu ukimpa tano atasimama kwenye tatu na kujiona ana busara. Lakini ngazi ishakuwepo, nchi nyingi zimeizoea, na kuibadilisha sasa kungeleta mkanganyiko mwingine.

Aprili 20, 2013 ilikuwa siku ya namba 3 huko Loveland Pass, Colorado.

Walikuwa wanaume sita, watelezaji wa ubao na wa skii, waliokuja kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa mchezo huo. Hawakuwa wajinga. Mkusanyiko wenyewe ulikuwa na lengo la kuhamasisha usalama dhidi ya maporomoko. Jamaa walikuwa na vifaa vyote, wengine hadi mifuko ya hewa ya kujikinga. Taarifa ya siku ile walikuwa wameisoma. Ilisema wazi kuwa kwenye miteremko iliyoelekea kaskazini kuna bamba nene lililokalia tabaka dhaifu la chini, na kwamba linaweza kuanguka. Wakajadiliana. Wakakubaliana kuwa kipande kile cha njia kinachopita chini ya mteremko ule ni kibaya, hivyo wakivuke haraka, kila mtu akiacha nafasi kati yake na mwenzake, hadi kwenye miti michache iliyoonekana kama mahali salama.

Walipokaribia miti theluji ikaguna. Wanaoijua wanasema ni mlio mzito wa chini, kama kitu kizito kilichoketi ghafla. Ni lile tabaka la sukari linaposagika. Bamba likakatika juu yao, upana wake zaidi ya mita 200, na wote sita wakafunikwa. Mmoja alibahatika kubaki karibu na uso wa theluji akiweza kupumua, akakaa hivyo kwa saa kadhaa akiwa hawezi kujitoa, hadi waokoaji walipofika. Wenzake watano walikufa. Colorado haikuwa imepata poromoko la kuua watu wengi namna ile kwa miaka 50.

Watazame tena watu hawa. Elimu walikuwa nayo. Taarifa walikuwa nayo, tena ilikuwa sahihi. Vifaa walikuwa navyo. Walijadili hatari kwa sauti, jambo ambalo makundi mengi hayafanyi. Kilichokosekana ni kimoja: hakuna aliyesema basi, leo hapana. Na hata mpango wao wa kuachiana nafasi ulikuwa mpango wa kuvuka, haukuwa swali la kama kuna haja ya kuvuka. Nafasi waliyoacha ilikuwa ndogo mno kwa bamba la ukubwa ule, na wote walikuwa chini yake kwa wakati mmoja.

Mwaka mmoja kabla, Februari 19, 2012, hali ilikuwa hivyohivyo huko Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass, jimbo la Washington. Kundi lilifikia watu 16, na ndani yake mlikuwa na majina makubwa ya mchezo: wanahabari wa skii, watelezaji wa kulipwa, hakimu wa mashindano ya kimataifa. Watatu walikufa. Baada ya ajali baadhi ya walionusurika walisimulia kuwa walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Kila mmoja alitazama majina yaliyomzunguka akajiambia kwamba kama kungekuwa na tatizo, mabingwa hawa wangesema. Nao mabingwa wakaangaliana.

Hilo lina utafiti wake. Mmarekani Ian McCammon alichambua ajali 715 zilizotokea nchini mwake kuanzia 1972 hadi 2003 akitafuta kwa nini watu waliosoma ishara za hatari waliendelea kupanda. Akakuta mitego ileile inajirudia, na hakuna hata mmoja uliohitaji theluji ili uelewe. Kuna mazoea: njia umepita mara 20 bila tatizo, basi unadhani ya 21 ni haki yako. Dereva wa basi anayejua kila kona ya barabara yake anaufahamu ugonjwa huo. McCammon aligundua kuwa kwenye milima waliyoizoea, hata waliopata mafunzo ya juu walijiweka kwenye hatari sawa na watu ambao hawakusoma karibu kitu. Kuna safari iliyokwisha pangwa: likizo imeombwa, hoteli imelipwa, mke ameagwa, nani atarudi bila picha? Kuna theluji mpya ambayo usipoiwahi wewe ataiwahi mwingine. Na kuna "fundi", yule mmoja wa kundi ambaye wote wanamfuata kwa sababu ana umri mkubwa, ana sauti, au skii zake ni za bei mbaya, wakati pengine kuhusu theluji hajui kuliko msichana aliyenyamaza nyuma.

Wapo wanaoamini vifaa vitamaliza mjadala. Kila mtu abebe kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kuchokolea, na koleo. Sawa, na asiyebeba asipande. Lakini saa haimsubiri mtu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, nafasi yake ya kuishi ni kubwa sana. Zikifika dakika 30 na kitu, imebaki kama mtu mmoja kati ya watatu, maana wengi hufa kwa kukosa hewa. Theluji iliyosimama baada ya poromoko si ile laini ya kwenye kadi za Krismasi. Inaganda kama saruji. Mtu hawezi kunyanyua hata kidole. Kumchimba aliyelala mita moja na nusu chini ni kazi ya kutoa jasho kwa watu kadhaa wanaojua wanachofanya. Na sehemu ya marehemu, Amerika Kaskazini ni kama robo, hufa kwa kupigwa kwenye miti na miamba kabla suala la hewa halijafika. Koleo ni kwa ajili ya siku ambayo uamuzi umeshakosewa.

Wengine wanataka serikali ziingilie kati, zifunge milima. Italia sheria ya jinai inaruhusu kumshtaki mtu aliyesababisha poromoko. Ni rahisi kuona hamu ya sheria hiyo, hasa ukifikiria waokoaji wanaoingia kwenye mlima uleule usiku kumtafuta aliyepuuza taarifa. Lakini mtu anayeogopa polisi hatapiga simu kusema "leo nimeangusha bamba upande wa kaskazini, nimenusurika", na simu za namna hiyo ndizo zinazozipa taarifa za kesho uhai wake. Milima ni mikubwa, kamba hazitoshi. Kinachoweza kufanyika ni kumpa mtu fulani ndani ya kundi kazi ya refa, na kumlinda anapoifanya.

Yapo makundi yanayofanya hivyo. Wana kanuni kwamba mtu yeyote, hata mgeni kabisa, akisema hapana, kundi zima linageuka bila mjadala na bila mtu kununa. Wanachimba shimo kwenye theluji, wanakata nguzo ndogo, wanaweka koleo juu yake na kuligonga kwa mkono: mara kumi kwa kiganja, mara kumi kwa nguvu ya kiwiko, mara kumi kutoka begani, wakitazama ni pigo la ngapi litakaloivunja. Huko ndiko kudundisha mpira. Na wanaojua kazi hawaruhusu shimo liwape ruhusa ya kupanda siku ambayo taarifa imekataa, kwani nguzo inayosimama hapa inaweza kuwa na ndugu yake anayevunjika hatua 20 mbele. Shimo linaweza kuongeza hapana. Kuiondoa haliwezi.

Mambo yanabadilika pale ambapo anayepanda amelipa na anayempandisha amelipwa. Aprili 18, 2014, kipande kikubwa cha barafu kilikatika upande wa magharibi wa Everest na kuangukia njia ya Khumbu. Wafanyakazi 16 wa Nepal wakafa, wengi wao Washerpa, wakiwa wamebeba mizigo na kutengeneza njia kwa ajili ya wageni ambao wengi wao muda ule walikuwa bado kambini. Hatari ya barafu ile ilikuwa ikijulikana. Lakini mgeni amelipa makumi ya maelfu ya dola, msimu ni mfupi, na Msherpa ana watoto shuleni. Serikali ilipotangaza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400 hivi, wenzao waliweka mizigo chini na msimu ukafia hapo upande wa Nepal. Ilibidi watu 16 wafe ndipo wapagazi wapate sauti ya kusema hatupandi.

Na hapo ndipo Kilimanjaro inapoingia. Theluji ya Kibo siku hizi ni chache mno kufanya yale ya Colorado, na hakuna haja ya kumtisha mtu kwa hatari isiyokuwepo. Mlima huo una zake. Januari 4, 2006, mawe yaliporomoka upande wa Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani na kujeruhi wengine. Njia ilifungwa, ikachunguzwa, ikaja kufunguliwa tena kwa tahadhari mpya. Barafu iliyokuwa imeshikilia mawe yale inazidi kuyeyuka, na inapoyeyuka inayaachia. Muuaji mkuu wa kimyakimya ni mwinuko wenyewe: mita 5,895, watu wanaupandisha mwili kwa siku tano au sita, wengine wakibana siku ili kuokoa pesa, mapafu na ubongo vinajaa maji, na dawa ya kwanza inayojulikana ni kushuka. Kushuka sasa hivi, usiku huohuo.

Nani anaamuru kushuka? Kiongozi wa msafara. Kwenye karatasi mamlaka anayo. Ana mafunzo, ana leseni, kampuni nyingi nzuri zinampa kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na wengi wa waongozaji hao wamepanda mara mamia na wanamsoma mgeni kwa mwendo wake tu. Wanaifanya kazi hiyo vizuri kila wiki na hakuna gazeti linaloandika, kwa sababu mgeni aliyeshushwa saa 8 usiku akapona si habari.

Lakini tazama mazingira anayofanyia kazi. Kampuni zinajitangaza kwa asilimia ya wageni waliofika kileleni, 95, 98, kana kwamba ni mabao. Mgeni aliyesafiri kutoka Chicago, amefanya mazoezi mwaka mzima na kuchangisha pesa za hisani kwa jina la kilele, anaambiwa na kijana wa Marangu au Machame saa 9 usiku kwamba imetosha. Anakataa. Anasema yuko sawa, kichwa kinamuuma kidogo tu. Akilini mwake kijana anajua mambo mawili mengine: kuna maoni ambayo mgeni ataandika akifika kwao, na kuna posho ya wageni ambayo kwa waongozaji na wapagazi wengi ni sehemu kubwa ya kipato cha safari. Hata hivyo anamgeuza. Inahitaji moyo. Haifai mfumo mzima ukaegemea moyo wa mtu mmoja aliyelala saa tatu.

Hifadhi imeshafungua mlango kidogo. Mpandaji anayeishia Gilman's Point au Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta, hupewa cheti chake ingawa hakufika Uhuru. Ni jambo jema na liendelezwe. Zaidi ya hapo, kampuni zinazotangaza asilimia ya waliofika zilazimike kutangaza na njia na idadi ya siku zilizotumika, maana asilimia 95 ya siku nane na ile ya siku tano ni wanyama wawili tofauti. Chama cha waongozaji na wenye kampuni wakae wakubaliane kuwa posho ijumlishwe kwenye bei ya safari, angalau kiwango cha chini, ilipwe mgeni awe amefika au ameshushwa. Na kiongozi aliyemshusha mgeni asiulizwe ofisini kwa nini ameharibu rekodi. Aulizwe oksijeni ilikuwa ngapi na alimfikisha kwa daktari saa ngapi.

Kampuni chache zimeanza. Kwa zilizo nyingi posho ingali suala la bahasha ya siku ya mwisho, mgeni akiwa ameshaoga, ameshakula, na anajua kabisa kama kwenye simu yake kuna picha ya ule ubao wa Uhuru au hakuna.